Mali Bila Daftari: Nani Alilipwa katika Riwaya ya Upelelezi?

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Jumamosi moja, katika kikao cha chama chetu cha Kiswahili, mwenzetu wa mwaka wa pili alitusomea sura sita za mswada wake wa riwaya ya upelelezi. Ukumbi ulijaa, na kwa haki, maana jamaa anajua kusimulia. Mandhari yake ni Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ninakotoka mimi. Mnunuzi wa vitunguu kutoka Nairobi anakutwa ameuawa katika chumba cha nyumba ya wageni. Mpelelezi anatumwa kutoka Arusha. Katika sura ya tatu anafungua daftari la marehemu, na kwenye ukurasa wa mwisho anakuta mstari mmoja tu: B., 600,000, kazi ile. Hapo ukumbi ulinyamaza kimya. Hata mimi nilisogea mbele ya kiti.

Sura ya nne ikaanza, na daftari likasahauliwa. Mpelelezi anaingia porini, anamkuta kijana wa Kihadzabe ana noti mbili za elfu kumi katika mfuko wake wa ngozi. Kijana anakimbia, anakamatwa, na katika sura ya sita anakiri. Kesi imekwisha. Makofi.

Niliponyosha mkono nikauliza, "Sasa huyo B. ni nani? Na ile laki sita ilikwenda wapi?" watu walicheka. Mmoja akanijibu, "Acha mambo ya uhasibu, bwana, hii ni fasihi." Nikakaa chini, lakini swali lenyewe halikukaa.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba swali la B. si la uhasibu. Ni swali la fani, na zaidi ya hapo ni swali la haki. Riwaya ya mauaji isiyoyafuata malipo yake hadi mwisho humtwisha kosa mtu ambaye jamii ilikwisha kumhukumu kabla kitabu hakijafunguliwa.

Fedha katika riwaya zetu

Tuanze nyumbani. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilifunguliwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Wengi wetu darasani tunamtaja Abdulla kama mfuasi wa Conan Doyle tu, kwa sababu Bwana Msa anavuta kiko na ana rafiki yake, Najum, wa kuandamana naye. Tunasahau kwamba kwa miaka 10, kuanzia 1958, Abdulla alikuwa mhariri msaidizi wa Mkulima, gazeti la kilimo. Mtu huyo aliwajua watu wa mashamba.

Naye katika riwaya hiyo ya kwanza alifanya jambo kubwa. Mzee mwenye mali anauawa, mwili unakutwa mzimuni, na watu wanakubaliana haraka kwamba mzimu umefanya kazi yake. Maelezo hayo yanawaridhisha wote, na hasa yanamridhisha muuaji. Bwana Msa hakubali. Anataka kujua ni nani, katika watu wenye miguu miwili, anayefaidika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo zawadi ambayo Abdulla aliiachia fasihi yetu: pale ambapo kijiji kimekwisha kumpata mshitakiwa, mpelelezi ndiyo kwanza anaanza kazi.

Kutoka hapo njia iligeuka. Faraji Katalambulla alituletea Simu ya Kifo (1965), na Inspekta wake, Wingo, akaupeleka upelelezi Bara na mjini. Baadaye wakaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika Kufa na Kupona (1974), na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Hapo mpelelezi amekuwa mtu wa bastola, ndege na hoteli kubwa. Wapo wahakiki walioziita riwaya hizi kasumba, wakazitenga na fasihi waliyoiita ya dhati. Mimi siungani nao. Vitabu hivyo viliwafanya Watanzania wengi wasome Kiswahili kwa hiari yao, usiku, kwa mwanga wa koroboi, bila kuogopa mtihani. Jambo hilo si dogo.

Ila kuna pengo. Fedha imejaa katika riwaya hizi hadi kwenye majalada. John Simbamwene aliita kitabu chake Kwa Sababu ya Pesa (1972), na Mtobwa akaita kimoja chake Pesa Zako Zinanuka. Waandishi wetu wanajua vizuri kabisa kwamba pesa inaua. Musiba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, akafikia kuwa rais wa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania, kwa hiyo huwezi kusema kwamba hakujua pesa inavyotembea. Hata hivyo, kwa kiasi nilichosoma, pesa katika riwaya zetu za upelelezi huwa ni sababu ya mauaji, au huwa ni pambo la mhalifu: gari lake, suti yake, pombe yake ya bei mbaya. Ni mara chache sana inakuwa nyayo. Tunaambiwa kwamba fulani aliua kwa tamaa ya pesa, halafu tunaonyeshwa fulani akiwa nayo. Katikati hakuna njia. Nani alimpa nani, lini, mbele ya nani, kwa kazi gani? Kimya.

Malipo yanayosema

Kwa nini nyayo hizo ni muhimu kwa fani? Naomba niazime mifano miwili ya Kiingereza, kwa sababu imejengwa juu ya malipo yenyewe. Asiyeisoma anisamehe kwa kumharibia uhondo.

Wa kwanza ni hadithi fupi ya Conan Doyle ya mwaka 1891, "The Red-Headed League". Mwenye duka la rehani, Jabez Wilson, analipwa paundi 4 kwa wiki ili akae katika ofisi fulani na kunakili kamusi elezo kwa mkono. Kazi haina maana yoyote, lakini mshahara unalipwa kila wiki. Wakati huohuo msaidizi wake dukani amekubali kufanya kazi kwa nusu ya ujira wa kawaida. Tazameni ufundi huo. Kuna malipo mawili ya mashaka: mmoja analipwa mno kwa kazi isiyo kazi, na mwingine amekubali kulipwa kidogo mno kwa kazi ya kweli. Holmes anaelewa kwamba malipo ya kwanza yananunua kutokuwapo kwa Wilson dukani, na nusu mshahara ule ndiyo bei ambayo msaidizi yuko tayari kulipa ili aachwe peke yake na ghala la chini, anakochimba njia ya kuingilia benki.

Mfano wa pili ni riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd (1926). Poirot amestaafu, amehamia kijijini, analima mung'unya. Mjane mmoja amekuwa akimlipa mtu kwa siri ili asiitoboe siri yake, na jumla ya malipo imefika paundi 20,000. Poirot hashughuliki tu na kisu kilichomuua Ackroyd. Anauliza fedha hiyo ilimfikia nani, na nani kijijini amekuwa na pesa ambayo maelezo yake ni mepesi mno. Jibu linamwangukia daktari anayetusimulia hadithi yenyewe, mtu aliyekuwa anasema kwamba amepata urithi, na ambaye tumemwamini tangu ukurasa wa kwanza. Kijiji kilikuwa na mshukiwa wake tayari, yule kijana mwenye madeni aliyetoroka. Njia ya malipo ndiyo iliyomwokoa kijana.

Natoa funzo moja katika mifano hii. Malipo ni kauli. Mtu anaweza kunyamaza, anaweza kudanganya, lakini alipotoa pesa amekwisha kusema jambo: amesema kitu fulani kina thamani kwake kiasi fulani. Kama kiasi hakilingani na kazi, hapo ndipo kuna neno lililofichwa. Mpelelezi mzuri husikiliza neno hilo.

Mang'ola: mali kauli

Najua pingamizi linalokuja, maana mwalimu mmoja aliniambia uso kwa uso: "Hao ni Waingereza, wana benki na hundi. Pesa yetu inatembea mkononi. Utafuata karatasi gani?"

Basi, Mwalimu, naomba twende Mang'ola. Kule maji ya chemchemi ya Qangded yanagawiwa kwa mifereji na kwa zamu, na maji hayo ndiyo yanayootesha vitunguu katikati ya nchi kavu. Tajiri, yaani mnunuzi, anakuja na lori. Mara nyingi hajui shamba la nani liko wapi, kwa hiyo anamshika dalali. Dalali anamjua mkulima, anaijua bei, na anajua nani ana shida ya haraka. Vitunguu vinakatwa na vibarua, vinajazwa katika magunia, na mara nyingi vinajazwa lumbesa, ile ya kichwa juu ya gunia ambayo serikali imeipiga marufuku na ambayo mkulima bado anailia. Wapakiaji wanapandisha garini. Mara nyingine hela inatoka palepale. Mara nyingine mzigo unaondoka mali kauli: chukua sasa, utalipa ukishauza, na mkataba ni mdomo wako.

Neno lenyewe linatutosha sisi wahakiki. Mali kauli: mali iliyobebwa na neno. Si kweli kwamba biashara hiyo haina nyayo. Nyayo zake ni watu. Aliyekata alilipwa, aliyeshona gunia alilipwa, aliyepakia alilipwa, aliyepika chai ya wapakiaji alilipwa, na kila mmoja anakumbuka alipata ngapi kwa sababu ile ndiyo iliyokuwa unga wa siku ile.

Nilijifunza hilo nikiwa darasa la sita. Mjomba wangu alikuwa na vitunguu tayari shambani, siku ya kupakia akaanguka malaria. Akamweka kijana mmoja wa jirani awe karani, ahesabu kwa niaba yake. Jioni kijana alileta karatasi: magunia 45. Tajiri alipolipa, kupitia kwa dalali, ikaja hela ya magunia 38. Dalali akasema, kwa upole kabisa, "Mzee, mimi nilipakia 38. Muulize karani wako hayo 7 kayapeleka wapi."

Kwa bahati mbaya, mwezi uleule nyumba ya mama wa yule kijana ilikuwa imeezekwa bati. Basi kijiji kikamaliza kesi. Bati lilikuwa linang'aa, kila mtu aliliona, ushahidi gani tena? Kisimani, dukani, kila mahali: karani kala hela.

Mjomba hakuwa msomi, lakini alikuwa na tabia ya kurudia msemo wa wazee kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Akanipa daftari langu la hesabu, akasema, "Mpwa, andika." Tukaenda kwanza kwa mwenye duka la bati. Akatuonyesha kwamba bati zile zililipwa kidogo kidogo, tangu kabla ya vitunguu kuiva, na mlipaji alikuwa mama mtu, kwa hela ya mbuzi aliokuwa akiwauza mnadani. Nikaandika. Halafu tukaenda kwa wapakiaji watatu. Mjomba hakuwauliza walipakia magunia mangapi, maana swali hilo dalali angekuwa amekwisha kuwafundisha jibu. Aliwauliza siku ile kila mmoja alipata shilingi ngapi. Wa kwanza akasema 7,500. Wa pili 7,500. Wa tatu naye hivyohivyo. Kwa gunia walikuwa wanalipwa shilingi 500, na wanagawana sawa. Nikapiga hesabu palepale, juu ya goti: 22,500, gawa kwa 500. Magunia 45.

Sijasahau uso wa mjomba. Hakufurahi. Alisema tu, "Kumbe." Tulipomwendea dalali na daftari, alilipa magunia 4, na 3 yakapotelea katika ahadi. Ila kilichoniuma ni kingine. Yule karani, aliyekuwa msafi, alikuwa amekwisha kuhama. Maneno yalimshinda. Daftari langu lilimsafisha wakati yeye hayupo kusikia.

Kurudi kwa B.

Sasa turudi kwenye mswada. Ndugu mwandishi, kijana wako wa Kihadzabe ni yule karani wa bati. Ana noti mbili, na msomaji anaambiwa kwamba inatosha. Lakini hebu tufanye hesabu ya darasa la sita. Daftari linasema laki sita. Kijana ana elfu ishirini. Laki tano na elfu themanini ziko wapi? Mpelelezi wako hakuuliza, wala huna sentensi moja inayomfanya ajisikie vibaya kwa kutouliza.

Na hiyo elfu ishirini yenyewe, kijana kaipata wapi? Mtu anayeijua Eyasi atakupa majibu hata kabla ya chai kupoa. Watalii wanafika kila msimu kuwatazama Wahadzabe wakienda kuwinda, na wanalipa. Asali inauzwa. Noti mbili mfukoni mwa kijana yule zina maelezo ya kawaida kabisa. Zimekuwa za ajabu kwa sababu wewe, na sisi tuliopiga makofi, tumeamua kwamba mtu wa porini hana ruhusa ya kuwa na hela. Kwamba alikimbia nako si ushahidi. Mtu mwenye bunduki anakujia porini, usikimbie una nini?

Hapa ndipo Abdulla anapotushitaki. Watu wa Mzimu wa Watu wa Kale walisema mzimu umeua, na mwandishi akawakatalia kwa kurasa zote. Sisi, zaidi ya miaka 60 baadaye, hatusemi tena mzimu. Tunasema Mhadzabe, au Mang'ati, au mgeni, au karani mwenye bati. Kila zama ina mzimu wake. Kazi ya msuko wa upelelezi ni kututoa katika mzimu huo hatua kwa hatua, na katika hadithi ya wanunuzi na madalali hatua hizo ni malipo.

Ningependa kuona nini? Ningependa mpelelezi akae na mstari ule mmoja kama tulivyokaa ukumbini, kimya. Aulize maswali matano ya mjomba: nani alitoa, nani alipokea, siku gani, mbele ya nani, kwa kazi gani. Aende kwa wapakiaji. Aende kwa mama wa chai. Labda atakuta kwamba wiki ile mtu mmoja alilipwa bei ya magunia mia kwa kulala usiku mmoja mbali na zamu yake ya lindo. Labda B. si jina la mtu hata kidogo, bali ni Barazani, mahali ambapo pesa ilipaswa kupokewa. Sijui, kitabu si changu. Najua tu kwamba mstari wa sura ya tatu ni ahadi kwa msomaji, na mwandishi aliyeahidi mali kauli hana budi kulipa.

Wenzangu wawili waliniambia kwamba ufuatiliaji wa namna hiyo utachosha, msomaji anataka mbio. Mimi nasema mbio zipo ndani ya hesabu yenyewe. Nilipokuwa nagawa 22,500 kwa 500 juu ya goti, moyo ulinienda mbio kuliko katika sura yoyote ya bastola niliyopata kusoma. Wengine watasema mambo ya daftari yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu 2008 M-Pesa imeingia Tanzania na pesa inaacha ujumbe kwenye simu. Vizuri, tena afadhali! Lakini ujumbe unaonyesha namba na jina la aliyesajili laini. Hauonyeshi nani alisimama kwa wakala akiipokea, wala kwa nini. Utarudi palepale, kwa mtu aliyekuwapo.

Hitimisho

Sijaandika haya ili kumvunja moyo mwenzetu. Sura zake tatu za kwanza ni nzuri kuliko vitabu kadhaa vilivyochapishwa. Anaijua nyumba ya wageni, anaijua sauti ya lori likipanda na mzigo, anaijua harufu ya vitunguu vilivyolala. Ametufikisha kwenye daftari. Alichobakiza ni kulisoma.

Wala si kosa lake peke yake. Sisi wahakiki tumezoea kuuliza dhamira ni nini na mhusika anawakilisha tabaka gani, na tunaliacha swali dogo ambalo mkulima yeyote wa Mang'ola angeliuliza kwanza: hela alipewa nani? Tukilirudisha swali hilo, tabaka litajionyesha lenyewe, maana njia ya pesa hupita kutoka kwa mwenye nazo, kupitia mkono wa kati, hadi kwa yule asiye na mtu wa kumtetea.

Nimesikia kwamba mwandishi ameurudisha mswada mezani, na kwamba sura ya nne ameichana. Basi nitakuwapo siku atakapotusomea tena. Nitakaa kiti kilekile, na nitakuja na daftari.